Binti Ataka Kuwauguza Wagonjwa wa Akili: Tumkatalie?



Wengi wa wasomaji wetu wa Pwani wana aila zao Nairobi, katika mitaa ya Pumwani, Majengo na Eastleigh. Ni kutoka huko ambako mama mmoja ametuletea swali. Bintiye amemaliza kidato cha nne na kupata alama za kusomea uuguzi. Furaha ya nyumba ilikatika pale aliposema kwamba ataka kuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili. Baba amenyamaza, shangazi wamelia, na jirani ameuliza ni nani atakayemposa msichana anayeshinda na vichaa. Mama auliza: tumkatalie?

Jawabu letu ni la. Hatusemi hivyo kwa kuidhania kazi hiyo kuwa nyepesi. Twasema hivyo kwa kuwa maradhi haya yamo majumbani mwetu, na anayekosa muuguzi ni ndugu yetu.

Hospitali ya Mathari, kando ya barabara ya Thika, ilianzishwa mwaka 1910 mahali palipokuwa pakitengewa wagonjwa wa ndui. Tangu siku ya kwanza, basi, palikuwa mahali pa kuwaweka watu mbali na macho. Bonde la Mathare peke yake ndilo linaloitenga na Eastleigh, walakini katika mitaa ya Eastlands jina lake limegeuka kuwa tusi na kitisho cha kuwanyamazishia watoto. Sisi wa Mombasa tusijione bora, kwani Port Reitz nayo, kwa sababu ya wodi yake ya wagonjwa wa akili, haikusalimika na ndimi zetu. Aibu hiyo ndiyo inayomfanya mgonjwa afichwe chumba cha nyuma, na ndiyo hiyo hiyo inayomfanya binti akatazwe kumhudumia.

Tutazame mfano mmoja tu. Katika kila wanawake elfu moja wanaojifungua, mmoja au wawili hupatwa na ugonjwa mkali wa akili, mara nyingi ndani ya majuma mawili ya kwanza. Mzazi angali katika arobaini yake. Hapati usingizi, asema maneno yasiyoeleweka, huenda akadai kuwa mtoto si wake. Nyumbani husemwa ni jini. Huitwa msomaji, hutengenezwa kombe, na siku zapita. Hatusemi kisomo kiachwe. Kisomo kina mahali pake, na moyo wa Muislamu hutulia kwa maneno ya Mola wake. Lakini ugonjwa huu ni wa dharura kama vile kutokwa na damu. Unaweza kumwangamiza mama na mtoto wake kwa siku chache, na ukiwahiwa kwa dawa, wengi hupona kabisa. Ni nani atakayebisha hodi katika nyumba hiyo, apokewe na bibi na makungwi, akae mkekani, aeleze haya kwa Kiswahili cha heshima, asidharau kombe wala asiogope kusema kwamba gari liitwe sasa hivi? Mwanamke wa Kiislamu aliyesomea kazi hii ataingia mahali ambapo daktari mwanamume hangefika.

Mfano wa pili ni Ramadhani. Wako wagonjwa wanaoacha dawa mwezi mzima kwa kuona haya kula mchana, na Idi huwakuta wameanguka tena. Wako wanaomeza lithiamu. Dawa hii hutegemea maji ya mwili, na mtu akishinda na kiu inaweza kujikusanya mwilini hadi ikawa sumu. Mgonjwa kama huyo ahitaji kuzungumza na daktari wake kabla ya mwezi kuandama, na dini imempa mgonjwa ruhusa. Muuguzi anayefunga mwenyewe atalijua swali hili kabla ya kuulizwa, na neno lake litaaminiwa.

Wala kazi hii si ngeni katika Uislamu. Bibi Rufaida aliwauguza majeruhi katika hema msikitini Madina, zama za Mtume, rehema na amani zimshukie. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kinachofundisha kwamba nafsi huugua kama uuguavyo mwili, nayo yataka kutibiwa. Hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili chini ya dari moja na wagonjwa wengine. Babu zetu katika imani hawakuwaonea haya wagonjwa hawa.

Na binti atafanya nini hasa huko wodini? Atapokea zamu na kusikiliza jinsi usiku ulivyokuwa. Atatoa dawa na kuhakikisha zimemezwa. Ataketi na asiyesema, amsikilize asemaye kupita kiasi. Wapo wanaodungwa sindano moja kila mwezi ili wasisahau vidonge. Wengine shingo hukakamaa na mikono hutetemeka, na jamaa hudhani wamelishwa sumu. Muuguzi ajua kwamba hayo ni madhara ya dawa, na kwamba yana tiba yake. Na kwa kuwa madaktari bingwa wa akili nchini ni wachache mno, katika kaunti nyingi kliniki ya akili huendeshwa na muuguzi.

Khofu za wazazi tusizipuuze. Wako wagonjwa wanaochachamaa, na muuguzi anaweza kuumizwa. Lakini hufundishwa namna ya kuzituliza ghadhabu kwa maneno, na hafanyi kazi peke yake. Wagonjwa wengi hawamdhuru mtu yeyote, bali wao ndio wanaodhuriwa. Kuhusu kuchanganyika na wanaume, wodi za wanawake zipo na uhaba wa wahudumu wa kike wa Kiislamu ni mkubwa. Wauguzi wenye hijabu tunawaona kila siku katika hospitali za Nairobi na Pwani. Zamu za usiku zipo, na usafiri wake lazima upangwe mapema. Ama posa, anayemkataa msichana kwa sababu anawahurumia wagonjwa ametuonyesha mapema jinsi atakavyomtunza mke akiugua.

Njia ya masomo iko wazi. Wengi huanza na stashahada ya uuguzi katika Chuo cha Mafunzo ya Udaktari cha Kenya, KMTC, ambayo huhitaji wastani wa alama ya C katika KCSE pamoja na ufaulu katika biolojia na lugha. Huchukua takriban miaka mitatu, kisha mtihani wa Baraza la Wauguzi na kusajiliwa. Baada ya kufanya kazi, muuguzi aweza kurudi kusomea stashahada ya juu ya uuguzi wa akili, au kuendelea hadi shahada ya uzamili. Twapendelea njia hii kwa binti mdogo, kwa kuwa humpa ujuzi wa maradhi yote na nafasi ya kujipima kabla ya kujifunga na tawi moja.

Wazazi wajue pia kwamba cheti si ajira. Kaunti huajiri kidogo na mara nyingi kwa mikataba. Mwaka 2017 wauguzi waligoma kwa takriban miezi mitano wakidai haki zao. Baadhi huenda Uingereza na nchi za Ghuba, na kila anayeondoka hupunguza waliobaki. Moyo nao huchoka kwa kubeba huzuni za watu, na muuguzi huhitaji wa kumsikiliza. Asiyekuwa na familia nyuma yake hadumu.

Kwa hivyo ushauri wetu kwa kila nyumba yenye binti wa namna hii ni huu. Mtafuteni muuguzi wa akili, mwombeni aje azungumze na baba na mama pamoja na mtoto. Muulizeni binti kwa upole kilichomvuta. Mara nyingi mtasikia habari ya mtu wa ukoo ambaye ninyi wenyewe hamumtaji jina. Kisha mkutaneni mezani muandike karo, usafiri na mahari ya subira.

Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu, na awape nguvu wanaokesha nao. Amin.