Siku ya Horombo si ya Wazungu peke yao



Nataka kueleza yaliyotupata Desemba iliyopita katika Mlima Kilimanjaro, mimi, mume wangu na wanetu wawili, wa miaka 17 na 14. Kampuni iliyotupeleka sitaitaja, kwa sababu tangu turudi nimezungumza na familia nyingine mbili zilizopanda na kampuni tofauti, na zote ziliambiwa maneno yaleyale tuliyoambiwa sisi.

Tulidunduliza fedha za safari ile miaka miwili. Watoto walikuwa wamesoma shuleni habari za Luteni Alexander Nyirenda na mwenge wa Uhuru uliowashwa kileleni Desemba 1961, wakatamani nao wasimame pale. Siku ya kulipia niliuliza kwa nini ratiba yetu ni ya siku tano wakati wageni waliokuwa wakiandikishwa meza ya pili walipangiwa sita. Kijana wa ofisini akanijibu kwa upole kabisa: “Mama, hiyo siku ya ziada ni ya Wazungu. Nyie ni wenyeji.” Nikaridhika, na kuridhika kule kunaniuma hadi leo.

Wenyeji wa wapi? Sisi tunaishi Tanga, ambako ukifungua dirisha unasikia harufu ya bahari. Mtu aliyetoka usawa wa bahari, awe wa Tanga au wa Hamburg, akifika kambi ya Horombo kwenye mita 3,720 anahitaji muda ili mwili uizoee ile hewa nyepesi. Siku ya ziada kazi yake ni hiyo tu. Wapandaji hulala tena Horombo usiku wa pili. Mchana hutembezwa hadi kwenye Miamba ya Pundamilia, karibu mita 4,000, kisha hurudi kulala chini. Ukiiondoa siku hiyo, njia ya Marangu inakutoa kambi ya Mandara kwenye mita 2,720 hadi Horombo, na kesho yake hadi kambi ya Kibo, kwenye mita zipatazo 4,720. Ni mita elfu moja kwa siku, siku mbili mfululizo. Madaktari wa mambo ya milima hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Sisi tuliuziwa mara mbili ya hapo, na hakuna aliyetuambia.

Binti yangu alianza kulalamika kichwa katika lile jangwa la mawe na vumbi kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo. Mwongozaji akasema ni kawaida, ajikaze. Jioni, kambini Kibo, alitapika supu yote. Saa tano usiku, tulipoamshwa kujiandaa kwenda kileleni, alisimama akayumba kama mlevi, na kamba za viatu zikamshinda kufunga. Nikauliza kama kuna kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni. Kipo kimoja, nikajibiwa, kimekwenda na kundi la wageni. “Ajikaze tu, mama, kilele kiko hapo.” Kilele kilikuwa mita zaidi ya 1,100 juu yetu.

Aliyetuokoa ni mpagazi, mtu wa makamo aliyevaa sweta la shule chini ya koti lililochanika. Usiku ule hakuwa na zamu. Alimmulika binti yangu usoni, akamwambia atembee kwa kuweka kisigino mbele ya vidole, hatua sita. Hatua ya tatu akaanguka. Mzee yule hakubishana na mtu. “Mama, huyu anashuka sasa hivi.” Wagumu wanne, kama wapagazi wanavyojiita, wakamfunga kwenye machela ya gurudumu moja, wakaiteremsha gizani hadi Horombo, mimi nyuma yao nikilia. Kulipopambazuka alikuwa anaomba chai. Dawa iliyomponya ni kushuka. Daktari aliyemwona Moshi alitueleza kwamba kuyumba kule ni dalili ya ubongo kuanza kuvimba, na kwamba mtu wa hali ile akiendelea kupandishwa anaweza kufa.

Sipingi bei nafuu kwa wananchi. Bila hiyo tusingeuona mlima wetu wenyewe. Ninachopinga ni unafuu unaopatikana kwa kukata siku inayolinda uhai. Naomba wenye mamlaka ya hifadhi wasiipokee langoni ratiba ya siku tano kwa kundi lenye watoto. Naomba pia kila kundi, hata la Watanzania wanne, lipande na kifaa chake cha kupimia oksijeni, kinachonunuliwa kwa fedha ndogo kuliko jozi ya viatu vya kupandia mlima. Dalili za hatari zielezwe kwa Kiswahili, kwa mdomo, kabla mtu hajapiga hatua ya kwanza. Karatasi tuliyosainishwa sisi ilikuwa ya Kiingereza kitupu, na mama mkwe wangu angekuwepo angesaini asichokijua.

Nimeiandikia kampuni ile mara mbili nikiuliza nani aliamua kwamba siku ya Horombo si ya Watanzania. Sijajibiwa.

Binti yangu anataka kurudi Juni. Tutakwenda kwa siku sita, na yule mzee mpagazi nimeshampata kwa simu. Amekubali kupanda nasi.

Mama wa watoto wawili,
Tanga