MAWE MAWILI KATIKA MFUKO MMOJA



Neno la leo ni Kumbukumbu la Torati 25:13-16. Fungua Biblia yako usome mwenyewe. Mungu anawakataza watu wake kubeba mawe mawili ya kupimia, moja kubwa na moja dogo. Ukinunua unatoa kubwa, ukiuza unatoa dogo. Soko lingeuita huo ujanja. Mungu anauita chukizo.

Nalileta Neno hili kwa sababu wengi wenu hapa Kyumbi mnasema hivi: "Pasta, kampuni za kubeti ni za wageni. Serikali iwafukuze na vijana wetu watapona." Mpendwa, twende polepole.

Mwaka 2003 Antigua na Barbuda, nchi ya visiwa yenye watu wasiofika 100,000, iliishtaki Marekani mbele ya Shirika la Biashara Duniani. Kampuni za kamari ya mtandaoni zilikuwa zimeweka makao huko, na Marekani ilikuwa ikiwazuia wasipokee dau za Wamarekani. Marekani ikajitetea: tunalinda maadili ya watu wetu.

Mwaka 2005 majaji wa rufaa wa shirika hilo walikubali kwamba nchi inaweza kufunga mlango wa biashara ili kulinda maadili. Sikia hilo vizuri! Hata sheria za biashara ya dunia zinatambua kwamba kuna kitu kikubwa kuliko pesa. Lakini Marekani ilikwama kwenye mbio za farasi. Ilishindwa kuonyesha kwamba kampuni zake yenyewe zilikatazwa kuchukua dau za farasi kwa mtandao kama wageni walivyokatazwa. Jiwe kubwa kwa mgeni, jiwe dogo kwa mwenyeji.

Je, ilitupa jiwe moja? La. Mwaka 2007 ilitangaza kuiondoa kamari kwenye ahadi zake za biashara. Mwishoni mwa mwaka huo Antigua ikakadiriwa haki ya kulipiza kwa kutoheshimu hakimiliki za Marekani, hadi dola milioni 21 kwa mwaka, na mwaka 2013 ikapewa idhini rasmi. Halafu mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ikafuta sheria ya taifa iliyozuia majimbo kuhalalisha kubeti michezo. Leo majimbo mengi yanakusanya ushuru wa kamari ileile. Maadili yamekwenda wapi?

Usiwacheke. Tuje nyumbani.

Mwaka 2017 Bunge letu lilipitisha ushuru wa asilimia 35 juu ya mapato ya kampuni za kamari. Mwanzoni mwa 2018 SportPesa ikaondoa udhamini wake wa michezo hapa nchini. Gor Mahia na AFC Leopards wakaachwa wakihangaika, huku jina hilohilo likiendelea kung'aa kifuani mwa Everton kule Uingereza. Kabla mwaka haujaisha, ushuru ukashushwa hadi asilimia 15.

Julai 2019, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, kampuni 27 zilinyimwa leseni. Safaricom ikaagizwa kuzima nambari zao za malipo. Wakurugenzi wa kigeni wakafukuzwa nchini. Kisha ukaja ushuru wa asilimia 20 juu ya kila dau, na Septemba SportPesa na Betin wakafunga shughuli. Wengi walisema Goliathi ameanguka.

Goliathi alikuwa ameketi tu, mpendwa. Katikati ya 2020 ushuru huo ukafutwa, na kabla ya mwaka kuisha SportPesa ilikuwa imerudi. Mwaka 2021 ushuru ukarudi kwa asilimia 7.5. Mwaka 2023 ukawa 12.5. Mwisho wa 2024 ukawa 15. Mwaka 2025 ukageuzwa kuwa asilimia 5 ya pesa unayoweka kwenye akaunti ya kubeti. Yaani ukiweka shilingi 100, serikali imeshachukua tano kabla mpira haujapigwa. Timu yako ishinde, ishindwe, serikali imekula.

Huo ni mnada, ndugu yangu. Wanapatana bei, na kinachouzwa ni kijana wako. Anayekula meza moja na mwizi hawezi kumkamata.

Na tukisema shida ni wageni, tutazame Uganda. Januari 2019 serikali yao ilitangaza kwamba Rais Museveni ameagiza leseni za kampuni za kubeti zisitolewe tena, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wageni wanapeleka pesa nje. Nakuuliza: karo ya mtoto ikiliwa na mwenyeji badala ya mgeni, mtoto atarudi darasani? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye kamari, mgeni aje au aende, mwenyeji bado ni mgonjwa.

Aprili 2025 Bodi ya kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Siku 30! Kama ni sumu, mbona ikatazwe kwa mwezi mmoja? Agosti mwaka huohuo Rais akatia sahihi sheria mpya ya kudhibiti kamari. Sheria ni mpya. Ombi langu ni kwamba mawe yasiwe yaleyale.

Sasa nageukia madhabahu, na hapa wengine mtanikasirikia. Kumbukumbu la Torati 23:18 inakataza mapato machafu kuletwa nyumbani mwa Bwana. Soma pia Mathayo 27:6. Makuhani waliopanga kumuua Yesu walikataa kurudisha fedha za Yuda hazinani, kwa sababu zilikuwa bei ya damu. Wauaji walikuwa na mpaka! Sisi tumeokoka, lakini mheshimiwa akileta bahasha kwenye harambee hatuulizi imetoka wapi. Mshirika akishinda jakpoti tunamwita atoe ushuhuda, na waliopoteza karo tunawaita wajinga. Hayo si mawe mawili?

Na wewe baba, unamkemea kijana kwa kucheza Aviator, na Jumamosi una mkeka wako wa mechi kumi. Mama, chama kinakukopesha pesa ya biashara, unaiweka kwenye simu "kujaribu bahati." Isaya 65:11 inawataja watu waliomwacha Bwana wakamwandalia Bahati meza. Bahati ni mungu wa zamani. Siku hizi meza yake iko mfukoni mwako, na inalipiwa kwa Fuliza.

Kwa hiyo fanya mambo matatu wiki hii.

Kwanza, toa jiwe nyumbani mwako. Futa akaunti yako ya kubeti kabla hujazungumza na mtoto wako.

Pili, kanisa lako liamue hadharani, wazee wakiwepo, kwamba pesa ya kamari haiguswi, hata kama paa halijaisha.

Tatu, wagombea wa 2027 wataanza kupita njia panda yetu wakitupungia mikono. Usiwaombe fulana. Waulize: umechukua pesa ya kampuni ya kamari? Bungeni utapiga kura ushuru upande, au matangazo yaondoke mbele ya watoto wetu? Mpime mwenyeji kwa jiwe ulilompimia mgeni.

Tuombe. Baba, tuondolee mawe mawili. Anza na mfuko wangu, kisha madhabahu yako, kisha Bunge letu. Waponye vijana wa Kyumbi ambao usiku huu wanahesabu hasara wakiwa peke yao. Wape mtu wa kumwambia ukweli bila kuona haya. Katika jina la Yesu, amina.

Kama una kijana aliyefungwa na kamari, nipe jina lake la kwanza tu. Tutamtaja kwenye kesha la Ijumaa.