Muhula ukifunguliwa, parokia ifungue shule zote mbili

Kwenye kiwanja cha kanisa letu, huku migombani Kilimanjaro, kuna shule mbili za msingi. Ya mkono wa kushoto, ukitokea barabarani, ni ya Serikali. Ilijengwa na misheni, na mawe ya msingi wake waliyabeba wazazi wetu. Ya mkono wa kulia ni ya parokia, inaongozwa na masista, inafundisha kwa Kiingereza, na wazazi wanalipa ada. Nina wajukuu kote kuwili. Wa kike yuko kwa masista kwa sababu baba yake ana kazi Dar es Salaam. Wa kiume yuko Serikalini kwa sababu mama yake anauza ndizi sokoni, na mwezi mbaya hauzi kitu. Wote wawili wanalala kwangu. Asubuhi wanateremka njia moja mpaka kwenye mfereji, halafu mmoja anakata kushoto na mwingine kulia.

Niseme mapema ninachotaka. Parokia inapofungua muhula, ifungue shule zote mbili. Mtoto anayesoma hatua mia kutoka altareni ni wa parokia hata kama kibao cha getini kwake kina jina la halmashauri ya wilaya.

Kilichonisukuma kuandika ni misa ya Jumapili iliyotangulia kufunguliwa kwa shule Januari hii. Ilikuwa misa ya kuombea muhula mpya. Mabenchi ya mbele yalitengwa kwa watoto wa masista, nao walikuja na sare mpya, sweta za rangi ya damu ya mzee, soksi zimevutwa hadi magotini, kila mmoja amepakata begi lake. Baba Paroko alishuka na maji ya baraka akanyunyizia mabegi, kisha akawaita walimu wao mbele akawaombea. Ibada ilikuwa nzuri na mjukuu wangu wa kike alirudi nyumbani na furaha ya kweli. Yule wa kiume alikaa nami nyuma, karibu na nguzo. Naye alikuja na begi, lile la dada yake la zamani ambalo zipu yake niliishona mwenyewe, kwa sababu tangazo la wiki iliyotangulia lilisema watoto waje na mabegi. Baba Paroko alipogeukia upande wetu, mtoto akaliinua kidogo juu ya magoti, akangoja, akalishusha. Maji hayakufika nyuma.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Wapanga mabenchi walipanga kama walivyozoea, na hayo mazoea ndiyo yananiuma, kwa kuwa sikuyakuta nilipokuwa mtoto.

Nilianza darasa la kwanza kwenye shule hiyo ya kushoto mwaka 1966, ikiwa bado ya misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Kilema mwaka 1890, na Kibosho mwaka 1893, na walikojenga kanisa walijenga na darasa. Mama yangu alinisimulia habari za mawe: kila aliyetoka misa, mkubwa kwa mdogo, aliteremka mtoni akapandisha jiwe lake, na mjamzito alipewa la kuenea mkononi ili asikose thawabu. Ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na shule za mashirika ya dini zikawa za umma. Nilikuwa naingia darasa la tano. Siku ya kufungua tuliwakuta walimu walewale na kengele ileile, rimu ya gurudumu la lori inayoning'inia mtini. Wazee walinung'unika kwenye pombe yao ya mbege kwamba wamenyang'anywa. Mimi sikuona kosa la sheria ile, na mpaka leo silioni. Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa, alitaka mtoto wa Kiislamu, wa Kilutheri na asiye na dini wapate nafasi ileile aliyokuwa nayo mtoto wa misheni. Nimefundisha shuleni hapo miaka mingi hadi nikastaafu, na nafasi hiyo niliiona ikifanya kazi. Nimewafundisha watoto wa kila namna, na leo wapo waliorudi hapo hapo kuwa walimu.

Kilichoharibika kilikuja polepole. Parokia ilizoea kuona kwamba shule ile si shughuli yake tena. Miaka ya 1990 njia ya shule binafsi ilipofunguka, parokia nyingi zilijenga shule mpya, na kwa haki kabisa, maana wazazi walizitaka na masista wanajua kulea. Mwaka 1992 Serikali na makanisa walitia sahihi hati ya makubaliano juu ya huduma za jamii, elimu ikiwamo, yaani hata kwenye karatasi hatujawahi kuwa maadui. Lakini huku chini, kwenye kiwanja kimoja, nguvu zote za parokia zilihamia upande wa kulia. Harambee ni ya kulia. Wageni wa Askofu wanatembezwa kulia. Mpaka wa kati zamani ulikuwa ua wa masale. Mchaga yeyote anajua kazi ya isale: linaonyesha mwisho wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, na ndilo unalolishika mkononi ukienda kumwomba msamaha mtu uliyemkosea. Tulipenya kati ya masale yale tukifukuza mpira, na hakuna aliyetukemea. Sasa pana ukuta wa tofali, na juu yake vipande vya chupa.

Jumatatu ya kufungua nilipita kote kuwili. Kwa masista, Sista mwalimu mkuu alisimama getini akimsalimu kila mtoto kwa jina. Basi la shule liliteremsha watoto wa mjini, matroni akahesabu vichwa, wazazi wakakabidhi rimu za karatasi na fagio na sabuni kama orodha ilivyosema. "Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu," Sista aliniambia, "leo umemleta mwenyewe?" Saa mbili kasoro nilisikia darasa la kwanza wanaimba herufi. Kazi safi, naisifu bila kusita.

Upande wa pili mwalimu wa darasa la kwanza, msichana niliyemfundisha mimi kusoma, alitoa meza nje chini ya mti kwa sababu ofisi haikutosha. Mbele yake akina mama wamepanga mstari, cheti cha kuzaliwa mkononi, na asiye nacho ameshika kadi ya kliniki. (Zamani zetu tulimwambia mtoto apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili, likishikika, umri umefika.) Mama mmoja alikuwa na mtoto wa kiume aliyevaa ndala. Alipofika mezani akaanza kurudi nyuma. "Mwalimu, ngoja nikamtafutie viatu kwanza, nitamleta wiki ijayo. Naona aibu." Yule mwalimu hakuinua hata kichwa kwenye rejista. "Mama, niachie mtoto. Viatu vitamfuata." Akamwandika, akamshika mkono akamkalisha kwenye dawati ambalo tayari lilikuwa na watatu.

Nilisimama pale nikawaza: huyu ni mwalimu ambaye Jumapili hakuitwa mbele kuombewa.

Elimu ya msingi kwenye shule za Serikali haina ada, na kwa mimi niliyeshuhudia watoto wakirudishwa nyumbani kwa mchango wa dawati, mpango uliotangazwa kuanza Januari 2016 ni neema kubwa. Ila fedha ya uendeshaji iliyopangwa kwa shule ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka mzima. Haifiki bei ya jozi ya viatu vya shule. Hapo hapo zinangoja chaki, karatasi za mitihani na kitasa kilichong'oka. Makande ya mchana yanatoka kwa wazazi, mahindi na maharage, na ambaye shamba lake halikutoa kitu mtoto wake hukaa chini ya mti mpaka wenzake wamalize. Nimewaona wengi namna hiyo katika utumishi wangu. Mtoto mwenye njaa hata hachezi, anachora tu chini kwa kijiti.

Najua nitakavyojibiwa. Mzazi wa kwa masista atasema: nalipa ada kwa jasho, sasa mnataka kugawa nilichokilipia. Namheshimu, maana mwanangu mwenyewe ni mmoja wao na najua anavyobana Desemba akija nyumbani ili Januari asiaibike. Lakini misa si sehemu ya ada. Jumuiya ndogo ndogo tunazosali nazo Jumamosi alfajiri hazina ada. Maji ya kanisani na kazi ya katekista vinatokana na zaka na sadaka za watu wote, na wengi wa watu hao watoto wao wako kushoto.

Mwingine atasema shule ya Serikali si ya Wakatoliki, ina Walutheri na Waislamu, Kanisa lisijipenyeze. Hoja hii ina uzito, nami sitaki mtoto wa jirani yangu Mlutheri au wa Mwislamu mwenye duka aingizwe kwenye ibada isiyo yake. Ndiyo maana nasema misa iwe Jumapili, ambapo anakuja anayekuja na wazazi wake. Tena hata kwa masista hao watoto wapo na wanakaa vizuri. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya elimu ya Kikristo, la mwaka 1965, halikuishia kwenye shule za Kikatoliki. Linalitaka Kanisa liwe karibu, kwa upendo wa pekee, na wale wengi wanaosoma shule zisizo za Kikatoliki, na linataka shule zetu ziwajali hasa maskini. Wakati tamko hilo linatolewa, shule zetu hapa zilikuwa bado za misheni. Maneno hayo yanatuhusu leo kuliko yalivyowahusu wazee wetu.

Kuna na sababu ya kawaida kabisa, isiyohitaji Mtaguso. Mtaala mpya ulioanza mwaka 2024 ulimkuta mjukuu wangu wa kiume darasa la tatu na wa kike darasa la nne. Wa kiume ataishia darasa la sita, wa kike la saba, na wote watamaliza mwaka 2027. Januari 2028 wataingia kidato cha kwanza siku moja, huenda shule moja ya kata, chumba kimoja. Siku hiyo masomo karibu yote yatakuwa kwa Kiingereza. Mmoja atakuwa amekitumia tangu chekechea. Mwenzake amekisoma kama somo tu, kwa kitabu kimoja kinachozunguka dawati zima. Na upande wa pili wa ukuta kuna chumba cha vitabu vya hadithi, vya Kiingereza na vya Kiswahili, ambacho Jumamosi kinafungwa kwa kufuli.

Kwa hiyo ninachoomba ni vitu vya kushikika. Misa ya kufungua muhula, watoto wote wakae mbele, kila mmoja na sare yake, wapangwe kwa jumuiya wanazotoka ili ndugu wakae na ndugu, na walimu wa pande zote wanaopenda waitwe waombewe. Chumba cha vitabu kifunguliwe Jumamosi asubuhi. Kipindi cha dini upande wa Serikali kinabebwa na katekista mmoja mzee anayetembea kutoka kigangoni, na mvua ikinyesha hakuna kipindi. Kwa masista yupo mwalimu wa dini aliyesomea, naye akivuka mara moja kwa wiki hatachoka. Kila jumuiya itoe debe la mahindi na kisado cha maharage kila muhula kwa ajili ya makande, na wagawiwe watoto wote bila kuulizwa dini. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wamewahi kulisha wafungwa na wagonjwa; hawa watoto wako karibu zaidi. Watoto wa masista nao hawana uwanja wa mpira. Ijumaa wanazungushwa nje hadi barabarani ili wakacheze kwenye uwanja wa Serikali, na hakuna mwalimu mkuu wa kule aliyewahi kuwadai chochote. Deni la hisani lipo tayari, na sisi ndio tunaodaiwa.

Nimeongea na walimu wakuu wote wawili. Sista amekubali vitabu siku za Jumamosi, mradi pawe na mtu mzima wa kukaa na watoto, na hiyo kazi nimeichukua mimi. Mwenzake wa Serikali aliomba jambo moja tu: mlango kwenye ukuta, ili watoto wasipitie barabarani kwenye malori ya mchanga. Halmashauri ya walei inakaa Jumapili ya mwisho ya mwezi huu baada ya misa ya kwanza, na nimeshamwandikia katibu aniweke kwenye ajenda. Fundi wa jumuiya yetu atautoboa ukuta bila malipo. Parokia itoe saruji mifuko miwili, mbao na bawaba.