Ofisa na Abebe Mzigo Wake Mwenyewe



Leo twapenda kusema juu ya jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni mchezo wa vijana tu, nalo ni nguvu za mikono, mabega na mgongo kwa kijana atakaye kusomea uofisa wa jeshi. Si mchezo hata kidogo. Ni jambo la nchi, nalo lawahusu wanaoshika nyundo shimoni kuliko wanaoshika kalamu mjini.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Force Publique, jeshi la Wabelgiji katika Kongo, liliishi tangu miaka ya 1880 hata mwaka 1960. Askari wake walikuwa Waafrika. Ndio waliouteka mji wa Tabora mwezi wa Septemba 1916, na pamoja nao walikwenda wapagazi maelfu kwa maelfu, ambao wengi wao walikufa njiani kwa njaa na maradhi. Ndio waliopigana na Waitalia huko Saïo, nchi ya Uhabeshi, mwaka 1941. Lakini ulipofika mwezi wa Juni 1960 hapakuwa na Mkongo hata mmoja mwenye cheo cha ofisa. Mtu mweusi alihesabiwa kuwa na bega la kubebea na mguu wa kwendea; kichwa cha kutoa amri kilikuwa cha Mbelgiji peke yake.

Tarehe 5 Julai 1960, siku tano tu baada ya Uhuru, Jenerali Janssens aliandika ubaoni mbele ya askari kwamba mambo baada ya Uhuru yatakuwa sawasawa na kabla ya Uhuru. Maasi yakaanza. Katika siku chache vyeo vikagawiwa kwa haraka, na watu waliokuwa chini wakawa wakubwa wa jeshi bila kupita chuo cha maofisa. Hatusemi kwamba walikuwa wajinga. Twasema walinyimwa matayarisho kwa miaka sabini na zaidi, kisha wakatakiwa wawe tayari kwa siku tatu. Jirani zetu wa Tanganyika nao walipatwa na maasi ya askari mwezi wa Januari 1964, maana Waingereza walikuwa bado wanashika amri. Lakini wao walikuwa na vijana wachache waliokwisha tayarishwa, mmoja wao Mrisho Sarakikya aliyesomea Sandhurst, naye mwaka ule ule akawekwa kuwa mkuu wa jeshi jipya. Tazameni faida ya kuwa na mtu aliyetayarishwa mapema!

Sasa tuje kwetu. Baada ya mapatano ya mwaka 2002, makundi mengi ya bunduki yaliingizwa katika jeshi la taifa, na wakubwa wao wakaingia na vyeo walivyojipa wenyewe porini. Tangu hapo vijana wetu wengi wamefundishwa na ulimwengu somo baya, kwamba njia fupi ya kupata nyota begani ni kushika silaha msituni na kungoja mapatano mengine. Katiba ya mwaka 2006 yakataza jambo hilo. Kifungu cha 190 chasema kuunda jeshi la binafsi ni uhaini mkubwa. Na kifungu cha 189 chaonyesha mlango wa haki: vyeo na uongozi wa jeshi vitolewe kwa kutazama mwili unaofaa, elimu ya kutosha, tabia iliyojaribiwa, na kila jimbo lipate sehemu yake kwa usawa. Mambo manne. La kwanza limetajwa kuwa ni mwili.

Kwa nini mwili? Watu wa Walikale hawahitaji kufundishwa jibu lake. Mara ngapi mwenye bunduki amepita kijijini, akamshika baba wa watu, akamtwika risasi, sufuria na gunia la mchele, akampeleka safari ya siku mbili msituni bila malipo? Upagazi wa nguvu uliokuwako wakati wa Mbelgiji haukwisha pamoja na bendera yake. Basi twasema wazi: ofisa asiyeweza kubeba mzigo wake mwenyewe atamtafuta raia aubebe. Na ofisa akifanya hivyo, askari wake watafanya mara kumi. Lakini yule avukaye mto kwa kamba mbele ya watu wake, amwinuaye majeruhi begani, apandaye mlima na mzigo wake mgongoni, huyo ana haki ya kumwambia askari, ‘Mwachie mzee huyo, chukua begi lako.’ Nguvu za mikono ya ofisa ni salama ya mgongo wa raia.

Wengine watasema, ‘Sisi wa machimbo tuna nguvu tayari.’ Ni kweli nusu. Kule Bisie, kabla ya mashine za kampuni, watu walibeba magunia ya kilo 50 ya kasiterite kupita msituni hata Njingala. Nani atasema hao ni dhaifu? Lakini nguvu ya machimbo imekwenda upande mmoja. Nyundo hupigwa kwenda chini, gunia hukandamiza shingo na kiuno, na mchimbaji hushinda ameinama. Mpeleke mtu huyo kwenye mti wa kuning'inia, mwambie ajivute mpaka kidevu kipite mti. Wengi watashindwa mara ya tatu, na watashangaa, maana hawajapata kubeba mzigo uitwao mwili wao wenyewe kwenda juu. Na mambo ya kujivuta, kupiga pushapu na kupanda kamba ndiyo yatumikayo katika vyuo vya maofisa pande nyingi za dunia.

Habari njema ni kwamba matayarisho haya hayataki fedha. Yataka boriti imara kati ya miti miwili, na saburi. Kijana aanze kwa kuning'inia tu, mikono imenyoka, muda wa pumzi kumi. Akizoea, apande juu ya jiwe mpaka kidevu kipite boriti, kisha ajishushe polepole akihesabu hata tano. Kushuka huku ndiko kunakojenga nguvu ya kupanda. Baada ya wiki kadhaa ataanza kujivuta mara moja, kisha mbili. Pushapu nazo aanze mikono ikiwa juu ya gogo, mwili umenyoka kama ubao. Akiweza ishirini bila kiuno kulegea, ashuke chini. Siku tatu kwa wiki zatosha, na kati ya siku hizo apumzike, maana misuli hukua wakati wa kupumzika, na mishipa ya viungo huchelewa zaidi kuliko misuli. Mtu aliyepiga nyundo kutwa nzima asijaribu kujivuta jioni ile. Ataharibu bega lake na hatalipata jingine. Ale maharage, karanga, sombe na samaki anapopata. Kanyanga na bangi aviache kabisa.

Kuna maadui wawili wa mwili walioko machimboni, nao ni wabaya kuliko uvivu. Wa kwanza ni vumbi la mawe yanayotwangwa, ambalo hukaa katika mapafu wala halitoki. Mawe na yaloweshwe maji kabla ya kutwangwa. Wa pili ni zebaki. Mvuke wake, dhahabu inapochomwa, huingia mwilini na huweza kuleta tetemeko la mikono. Mkono utetemekao haushiki kamba wala haulengi shabaha. Asiwepo mtu wa kuchoma zebaki ndani ya nyumba, wala karibu na watoto.

Mabinti nao wasitupwe nje ya habari hii. Mwanamke abebaye kuni na mihogo kutoka shambani kila siku amekwisha onyesha mgongo wake ulivyo. Katika kujivuta huenda akahitaji miezi mingi zaidi kuliko kaka yake, basi apewe miezi hiyo. Katiba haikusema kwamba cheo ni cha wanaume.

Lakini mikono peke yake haimpeleki mtu popote. Chuo cha maofisa wa jeshi letu kiko Kananga, nacho si mahali pa mtu asiyejua kusoma amri aliyopewa. Kijana aliyeacha shule kwa ajili ya shimo na arudi atafute diploma yake ya Serikali, hata ikiwa kwa masomo ya jioni. Na wakubwa wa mashimo twawaomba jambo moja: kijana asomaye na kufanya mazoezi mpeni zamu ya asubuhi, wala msimtoze faini kwa kupumzika. Wazazi, msimcheke mkimwona ananing'inia kwenye boriti kama popo.

Tulitoa wapagazi, tukatoa askari, tunatoa dhahabu. Sasa Omate itoe maofisa, waingiao kwa mlango wa Katiba, mzigo wao mgongoni mwao wenyewe. Kila kijiji na kisimamishe boriti moja juma hili.