Tusimsubirishe Binti Mpaka Aolewe

"Subiri uolewe, ukizaa yatakwisha." Hilo ndilo jibu ambalo mabinti wengi hupewa wanapoeleza kwamba hedhi imekatika kwa miezi, chunusi hazikomi na ndevu zimeanza kuota kidevuni. Ni jibu jepesi, tena la hatari.

Hali hiyo yaweza kuwa sindromu ya ovari zenye vifuko vingi, maarufu kama PCOS. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba huwapata asilimia 10 hadi 13 ya wanawake wa umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao hawajui kuwa wanayo. Jina lake limetupotosha: tumezikodolea macho ovari, tukaisahau damu. Kwa wengi wao, mwili huikaidi insulini. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na wingi huo huzichochea ovari kuzalisha homoni za kiume kupita kiasi. Hivyo binti anaweza kuwa njiani kuelekea kisukari cha aina ya 2 miaka mingi kabla hajawazia kupata mtoto.

Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unataka kila anayegundulika apimwe sukari na shinikizo la damu, bila kujali umri wala uzito. Kwa mabinti, hautaki ultrasaundi itumike kutambua tatizo kabla ya kupita miaka 8 tangu hedhi ya kwanza. Tiba huanzia kwenye lishe na mazoezi, pasipo kumsimanga mtoto kwa unene wake. Daktari anaweza pia kuongeza metformini, dawa ya kisukari ya miaka mingi na ya bei nafuu.

Kinachokosekana, basi, ni nini? Ni mlango. Vituo vyetu vina kliniki ya wajawazito na kliniki ya wagonjwa wa kisukari. Binti wa kidato cha tatu si mjamzito, na kisukari bado hakijamfika. Aingie wapi?

Swali hili nawaelekezea ninyi mnaoandaa mipango na bajeti za afya wilayani. Kipimo cha sukari hakihitaji hospitali ya rufaa. Kinahitaji mtu aliyekubali kwamba afya ya msichana ina thamani leo, akiwa bado mwanafunzi, hata kama hataolewa kamwe.