Dari si Pambo: Mkataba wa Kuihami Nyumba na Baridi ya Songea

Mji wa Songea umejengwa zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na wakazi wake wanaijua vema baridi ya Juni na Julai. Msimu huo ufikapo, ziko familia ambazo huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Desturi hiyo ni ya hatari. Mkaa unaoungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, na aliyelala huweza kufa asipate hata fursa ya kuamka. Kwa hiyo, suala la kuihami nyumba na baridi si la starehe; ni suala la uhai.

Lawama kubwa yaangukia paa. Nyumba ya zamani iliyoezekwa kwa nyasi ilikuwa na tabaka nene lililojaa hewa iliyotulia, na hewa ya namna hiyo hupitisha joto kwa shida sana. Bati lilileta faida nyingi: halivuji upesi, halishiki moto, hudumu miaka mingi. Lakini bati ni jembamba, na chuma hupitisha joto kwa wepesi. Usiku usio na mawingu bati hutoa joto lake kuelekea angani, likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Mchana wa Oktoba na Novemba mambo hugeuka, na bati lilelile huwaoka waliomo ndani.

Hesabu ya kawaida ya fizikia yaonyesha uzito wa jambo hili. Tuchukue chumba chenye eneo la mita 12 za mraba, ambacho ndani yake mna joto linalozidi la nje kwa digrii 10. Chini ya bati tupu, joto linalopotea kupitia paa hufika takribani wati 800. Ikiwekwa dari ya bodi za jipsamu, upotevu hushuka hadi wati 300 hivi. Juu ya dari hiyo likitandazwa tabaka la sentimita 5 la kitu kikavu chenye hewa nyingi, mathalani pumba za mpunga, upotevu huwa chini ya wati 100. Mtu aliyelala hutoa joto la wati 70 hivi. Ni kweli kwamba kuta, madirisha na nyufa nazo hupoteza joto. Hata hivyo, yadhihirika kwamba chini ya paa lililohamiwa, miili ya wenye nyumba yenyewe hufanya sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ikiachiwa mkaa.

Ikiwa manufaa ni makubwa kiasi hicho, kwa nini nyumba nyingi hazina kinga hiyo? Sababu moja ni kwamba dari huagizwa kama pambo. Mwenye nyumba humwuliza fundi juu ya nakshi, rangi na taa. Habari ya unene wa kitu kitakachokaa juu ya bodi haiulizwi. Fundi naye hutimiza alichoagizwa. Si haki kumlaumu kwa kazi ambayo hakuna aliyemwomba.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba wa kazi hii hauna budi kuandikwa, na utaje mambo machache kwa uwazi: kitu gani kitatumika, unene wake kwa sentimita, namna kitakavyokingwa na unyevu, panya na wadudu, na jinsi nyaya za umeme zitakavyotengwa nacho ili kuepusha moto. Bei ya kinga iandikwe mbali na bei ya urembo. Malipo yatolewe kwa hatua. Kwa ujenzi mkubwa, mwananchi anayo haki ya kutaka kuona uthibitisho wa usajili kutoka Bodi ya Usajili wa Makandarasi, chombo kilichowekwa kwa Sheria ya mwaka 1997.

Lililo muhimu kupita yote ni ukaguzi. Ukuta uliopinda huonekana na kila apitaye. Tabaka lililopunjwa juu ya dari halionekani na mtu, na kasoro yake hujulikana baridi ikisharudi. Basi mkataba useme kwamba hapana bodi ya mwisho itakayopigwa misumari kabla mwenye nyumba hajapanda ngazi na kupima unene kwa rula. Aidha, sehemu ya fedha ibakizwe hadi msimu mmoja wa baridi upite.

Wapo wasemao kwamba kuhami nyumba ni mambo ya Ulaya, kwenye theluji. Hoja hiyo haina nguvu. Nyasi za mababu zilifanya kazi hiyohiyo, na pumba za mpunga hazihitaji kuagizwa ng'ambo. Wengine huona kwamba yatosha kuziba kila tundu. Hao nao wanakosea: matundu ya hewa lazima yabaki, na jiko la mkaa likae nje hata katika nyumba iliyohamiwa vizuri, kwa maana nyumba iliyozibwa sana huihifadhi sumu kama inavyolihifadhi joto.

Mamlaka zinazohusika na nyumba na ujenzi zingefanya jambo jema kutoa kielelezo cha mkataba wa namna hii, cha ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, ili kiwekwe katika ofisi za kata na vyuo vya ufundi. Hadi hapo, mwenye nyumba wa Songea anayetaka kuagiza dari na aanze na swali moja kwa fundi wake: juu ya bodi hizi kutakuwa na nini, na kwa unene gani?