Nani Aiandike Kamusi Elezo Yetu?

Katika vyumba vya walimu wa shule zetu za sekondari limezuka neno ambalo hurudiwa kila mwanafunzi anapoonekana na karatasi aliyoinakili kutoka intaneti: "Hiyo Wikipedia usiitegemee, maana kila mtu anaiandika." Neno hili husemwa kwa sauti ya hekima, na wengi hulipokea bila ya kuuliza lilikotoka. Makala haya yanakusudia kulipinga. Silipingi kwa kuwa kamusi elezo hiyo haina makosa. Makosa inayo, na yale ya toleo la Kiswahili ni mengi kuliko inavyostahili. Nalipinga kwa sababu limeigeuza sifa kuwa aibu. Ikiwa kila mtu anaruhusiwa kuiandika, basi swali la haki ni hili: kwa nini sisi tuliosomeshwa kwa jasho la wananchi hatukuiandika?

Wikipedia ilianzishwa kwa Kiingereza tarehe 15 Januari 2001, na toleo la Kiswahili likafunguliwa mwaka 2003. Waandishi wake ni watu wa kujitolea ambao hawapati ujira wala cheo. Leo toleo la Kiingereza lina makala zaidi ya milioni 6, na la Kiswahili lina zaidi ya 80,000. Tukumbuke kwamba lugha inayozungumzwa hapa ni ile ambayo UNESCO mwaka 2021 iliitengea siku yake, tarehe 7 Julai, na ambayo wasemaji wake hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni 200. Kila mwaka siku hiyo tunapiga ngoma na kusikiliza hotuba. Asubuhi yake mtoto wa Kidato cha Pili anapotaka kujua jambo juu ya figo au juu ya Vita vya Majimaji, huandika swali lake kwa Kiingereza, kwa sababu amekwisha jifunza kwamba jibu la kutosha halimngoji katika lugha ya mama yake.

Hebu tumfuate mwandishi mgeni anayeamua kuingia katika kazi hii, kwa maana ndani ya safari yake mna mambo yanayotuhusu sisi walimu kuliko yanavyomhusu yeye. Jambo la kwanza linalomshangaza ni wepesi wa kuingia. Hakuna mlinzi mlangoni wala cheti kinachodaiwa. Juu ya ukurasa kuna neno "Hariri". Akiligusa, maandishi yanafunguka mbele yake kama daftari. Akiandika aya moja na kuihifadhi, aya ile inaweza kusomwa saa ile ile Mwanza, Mombasa, Bujumbura na Maskati. Jambo la pili ni kwamba hakuna badiliko linalofichwa. Kila ukurasa una historia yake, inayoonyesha nani alibadilisha nini na saa ngapi. Na una ukurasa wa majadiliano ambapo waandishi wanabishana mchana kweupe. Ni kitabu gani cha kiada kilichowahi kutuonyesha hayo? Kosa likichapwa katika kitabu cha shule hukaa humo mpaka toleo jipya litoke, na wakati mwingine hata toleo jipya hulirithi.

Jambo la tatu ndilo linalowafukuza wengi. Siku moja mgeni wetu anakuta sentensi zake zimebadilishwa na mtu asiyemjua, au zimeondolewa, au zimewekewa swali: chanzo chake ni nini? Hapo moyo unamchafuka. Hujiona ametukanwa. Huondoka, na akiulizwa sababu husema kwamba watu wale wana kiburi.

Sikatai kwamba baadhi ya wenyeji wa uwanja huo hukosa adabu kwa mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenyeji anayefuta kazi ya mgeni bila neno la maelezo anajinyima dawa. Lakini tuseme kweli. Swali lenyewe la "umejuaje?" si tusi. Linatuuma kwa sababu sisi hatukuzoea kuulizwa. Kwa miaka mingi elimu yetu imekuwa ni ile ya mwalimu kuandika ubaoni na mwanafunzi kunakili. Mwalimu naye aliyanakili maelezo yale alipokuwa mwanafunzi, na aliyemfundisha yeye aliyatoa kwenye daftari lililokwisha liwa na mchwa. Mtu aliyelelewa hivyo huamini kwamba jambo ni kweli kwa kuwa limesemwa na mkubwa. Akifika mahali ambapo profesa na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu wanadaiwa ushahidi ule ule, huona dunia imepinduka. Mimi naona ndipo inapoanza kusimama wima. Mwanafunzi aliyeulizwa chanzo mara tatu, akakitafuta na akakipata, amejifunza jambo ambalo mtihani wa taifa haujui namna ya kulipima.

Tuchukue mfano ulio karibu na nyumbani. Katika toleo la Kiswahili kuna kurasa za kata nyingi za Tanzania. Fungua ukurasa wa kata yako. Pengine utakuta jina la kata, wilaya na mkoa, namba ya postikodi, na idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa. Basi. Chini yake kuna tangazo kwamba makala ni "mbegu", yaani haijaota, na msomaji anaombwa kuikuza. Waliozipanda mbegu hizo walifanya kazi kubwa ya subira, na hawastahili lawama. Lakini je, kata ni postikodi? Jina lake lilitoka wapi? Mto unaopita hapo huenda kujaza ziwa gani? Watu wake walifukuzwa na nini kule walikotoka? Shule ya kwanza ilijengwa lini na kwa mikono ya nani? Mambo haya hayajulikani London wala Chicago. Yanajulikana hapo hapo katani, na kila yanapozikwa na mzee mmoja, hakuna mashine itakayoyafukua.

Hapa mgeni wetu hukutana na ukuta wa kweli. Babu yake anayajua, lakini babu si kitabu, na kanuni ya kamusi elezo inataka kilichochapishwa. Wako wanaosema kwamba kanuni hii ni ya kikoloni, kwamba imetungwa na watu wenye maktaba ili kuwafungia nje watu wenye masimulizi. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2011 ulifanyika mradi nchini India na Afrika Kusini wa kujaribu kutumia mazungumzo yaliyorekodiwa kama ushahidi wa makala, na jambo hilo lingali likijadiliwa. Lakini sitaki tujifiche nyuma yake. Ukuta huo una mlango, nao ulifunguliwa na babu zetu wenyewe.

Mtoro bin Mwinyi Bakari aliandika juu ya desturi za Waswahili, na kazi yake ikachapwa Ujerumani mwaka 1903. Abdallah bin Hemedi aliandika Habari za Wakilindi, akihifadhi masimulizi ya watawala wa Usambara ambayo bila yeye tungeyasikia vipande vipande. Mathias Mnyampala alichapisha historia, mila na desturi za Wagogo mwaka 1954. Watu hawa hawakungoja wageni waje kuwahoji wazee. Waliandika kwa Kiswahili, kwa kalamu ya wino, wakati ambapo karatasi yenyewe ilikuwa adimu. Vitabu vya namna hii, pamoja na majarida ya Kiswahili ya miaka ya 1970 na 1980, vinakubalika kabisa kuwa vyanzo, kwa maana kanuni haikusema kwamba chanzo lazima kiwe kwenye intaneti. Viko wapi? Vingi vimo katika makabati ya maktaba zetu za shule, vimefungwa, na ufunguo hajulikani anao nani. Ndiyo sababu nasema wanaolaumu kanuni za Wikipedia kabla ya kufungua kabati la shule yao wanalaumu mvua huku wameficha jembe.

Liko pia kundi jingine ambalo madhara yake ni makubwa zaidi, yaani wale wanaotaka wingi bila kazi. Hawa huchukua makala ya Kiingereza, huyapitisha katika mashine ya kutafsiri, na huyabandika kama yalivyotoka. Matokeo yake ni Kiswahili ambacho hakuna mama aliyemzungumzia mwanawe. Mtu aliyetoa mchango mkubwa katika kupigania uhuru anaambiwa "alicheza nafasi kubwa", kana kwamba alikuwa mchezaji wa mpira. Ngeli zinagombana: kiti "yake", mito "wake". Wakisahihishwa, hujitetea kwa hesabu: mwezi huu tumeongeza makala kadha wa kadha!

Hesabu ni mtego. Toleo la Kisebuano, lugha ya Ufilipino, lina makala zaidi ya milioni 6, lakini sehemu kubwa sana yaliandikwa na programu ya kompyuta, wala hakuna anayedai kwamba Wasebuano wamekuwa na ensaiklopidia iliyo sawa na ya Kiingereza. Na mwaka 2020 iligunduliwa kwamba maelfu ya makala katika toleo la Kiskoti yaliandikwa na kijana wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alikuwa ameyaandika kwa miaka kadhaa. Wenye lugha walikuwa wapi siku zote hizo? Walikuwa pale tulipo sisi leo, wakidhani kwamba yupo mtu mwingine anayelinda. Jambo hili si la mzaha, kwa kuwa mashine za siku hizi zinazojibu maswali na kutunga sentensi zimefundishwa kwa maandishi ya Wikipedia pamoja na mengineyo. Kiswahili kibovu kinachobandikwa leo kesho kitarudi darasani kikiwa kinywani mwa mashine, na mwanafunzi atakiona kuwa ndicho fasaha.

Wasomi wetu wengine watasema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuandikia elimu. Wimbo huu tuliusikia tangu zamani. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Usanisinuru upo. Kinachokosekana ni mwalimu wa biolojia wa kuketi jioni moja na kueleza usanisinuru kwa aya nne ambazo mtoto wa mkulima, aonaye majani kila siku, atazielewa. Mwalimu huyo anaijua mada, anaijua lugha, na anawajua watoto.

Nimesikia pia udhuru wa vifaa, kwamba shule haina kompyuta wala umeme wa uhakika. Ni kweli kwa shule nyingi. Lakini kazi ngumu ya makala si kuyapiga chapa. Wanafunzi 40 wanaweza kugawana kata yao: hawa waende ofisi ya mtendaji, hawa wafungue kabati la maktaba, hawa wakahakikishe jina la mto kwenye ramani, na wengine waandike kwa kalamu na kusahihishana ngeli. Aya zikikamilika, kila moja ikiwa na jina la kitabu na ukurasa wake, simu moja ya mwalimu yatosha kuzipeleka.